Al-Biruni, punje za mpunga na nusu ekari ya miwa



Ndugu msomaji, wiki hii naomba tuzungumze juu ya hesabu. Tafadhali usigeuze ukurasa. Najua wengi wetu tukilisikia neno hilo tunakumbuka fimbo za darasa la sita, na wapo wanaoamini kuwa hesabu ni elimu ya dunia tu, isiyomhusu mtu wa msikitini. Mimi nilikuwa mmoja wao. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu hapa Kidatu. Nimepita madrasa, nimepita chuo kikuu, na bado nilikuwa nikijivuna mbele ya wanafunzi kwamba tangu nimalize kidato cha nne sijagusa tena hesabu. Hebu nikueleze jinsi majivuno hayo yalivyonitumbukiza shimoni.

Miaka michache iliyopita niliitwa na familia moja ya jirani nikawagawie mirathi. Aliyefariki alikuwa mwanamke, mkulima mdogo wa miwa. Hakuacha mtoto, na wazazi wake walikwishatangulia mbele ya haki. Warithi walikuwa mume wake na dada zake wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Aliacha shamba la ekari saba. Nikakaa mkekani, nikasema kwamba mume ambaye mkewe hakuacha mtoto fungu lake ni nusu, nikampa ekari tatu na nusu. Kina dada nikawaambia wagawane kilichobaki. Watu wakaitikia amin, tukala wali, nikarudi nyumbani nikiwa nimeridhika na nafsi yangu.

Msimu mmoja ukapita. Siku moja nikiwa darasani kidato cha tatu, nikautoa mfano ule ule bila kutaja majina. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. Akaniuliza: kama dada wawili fungu lao ni theluthi mbili, imekuwaje wapewe nusu? Nikamjibu kwamba mume ameshachukua nusu, kwa hiyo hakibaki zaidi ya nusu. Akaniuliza tena, kwa adabu kabisa, ni nani aliyesema mume ndiye aanze kuchukua. Darasa likanyamaza. Na mimi nikanyamaza.

Nusu ukiijumlisha na theluthi mbili unapata zaidi ya kitu kizima. Chukua sita: nusu yake ni tatu, theluthi mbili zake ni nne, jumla ni saba. Wanazuoni waliliona jambo hili tangu zama za Sayyidna Umar (R.A.), na jumhuri yao wakalitatua kwa njia iitwayo aul: mali inagawanywa mafungu saba badala ya sita, kila mrithi anapungukiwa kwa uwiano wa fungu lake, na hakuna anayebebeshwa upungufu wote peke yake. Shamba lile la ekari saba lilikuwa kama limeandaliwa kwa ajili ya hesabu hiyo: mume ekari tatu, kila dada ekari mbili. Mimi nilikuwa nimewanyima kina dada nusu ekari, na miwa ya nusu ekari ile ilikwishakatwa, ikapimwa na kulipwa.

Nilirudi kwenye ile familia kichwa kikiwa chini. Mume wa marehemu, Allah amjaze kheri, alirudisha ardhi siku hiyo hiyo. Fedha za msimu niliona ni haki nichangie kutoka mfukoni mwangu, kwa kuwa kosa lilikuwa langu. Dada mdogo hakunilaumu, ila aliniuliza kwa upole ni familia ngapi nyingine nimeshazigawia. Ndugu msomaji, swali hilo lilinikosesha usingizi. Nikaanza kuzipitia upya mirathi zote nilizowahi kugawa, na katika kujifunza upya hesabu nikakutana na mtu aliyefariki karibu miaka elfu moja iliyopita. Huyo ndiye ninayetaka kukusimulia leo.

Jina lake ni Abu Rayhan Muhammad bin Ahmad al-Biruni. Alizaliwa mwezi wa Dhulhija mwaka 362 Hijria, sawa na Septemba 973 Miladia, pembezoni mwa mji wa Kath katika nchi ya Khwarazm, ambayo leo sehemu yake iko Uzbekistan. Alibahatika kupata mwalimu aliyekuwa mtoto wa ukoo wa kifalme na bingwa wa hesabu, Abu Nasr Mansur bin Iraq. Kijana akafundishwa jiometri na elimu ya nyota, na kabla hajafika miaka 20 alikuwa akipima urefu wa jua ili kujua mji wake uko umbali gani kutoka mstari wa ikweta.

Raha hiyo haikudumu. Mwaka 995 vita vya kugombea utawala viliuangusha ukoo wa Abu Nasr, na al-Biruni akalazimika kukimbia. Alifika Rayy, karibu na ilipo Tehran ya leo, akiwa fukara. Yeye mwenyewe ameeleza jinsi mjuzi mmoja wa nyota mwenye mali alivyoyadharau maoni yake katika suala la kielimu, si kwa sababu yalikuwa na kosa, bali kwa sababu aliyeyatoa alikuwa hana kitu. Hali yake ilipotengenea, bwana yule yule akawa rafiki. Nadhani kila kijana aliyetafuta kazi mjini na vyeti vyake mkononi anaijua hali hiyo.

Pamoja na dhiki zote hakuacha kazi. Mwaka 997 alipatana na mwanahesabu mkubwa Abu'l-Wafa, aliyekuwa Baghdad, kwamba wote wawili waangalie kupatwa kwa mwezi usiku mmoja, yeye akiwa Kath na mwenzake Baghdad. Kila mmoja alirekodi saa ya mji wake. Kwa kuwa tukio ni moja na saa zimetofautiana, tofauti ile ikawaonesha miji hiyo imepishana kiasi gani kutoka mashariki hadi magharibi. Hawakuwa na simu wala setilaiti. Walikuwa na mwezi wa Mwenyezi Mungu na hesabu.

Karibu mwaka 1000, akiwa kwa mtawala Qabus huko Gurgan, alikamilisha kitabu kikubwa juu ya kalenda na sikukuu za mataifa, kiitwacho Al-Athar al-Baqiya. Ndani ya kitabu hicho, katikati ya maelezo ya miaka na miezi, alisimama kidogo kuonesha hesabu moja mashuhuri ya ubao wa sataranji. Hapa ndipo aliponikamata.

Kisa chenyewe wengi wamekisikia. Inahadithiwa kuwa mtu mwenye hekima wa Bara Hindi alimtengenezea mfalme mchezo wa sataranji. Mfalme akafurahi, akamwambia aombe anachotaka. Yule mtu akaomba nafaka: punje moja kwa chumba cha kwanza cha ubao, mbili kwa cha pili, nne kwa cha tatu, nane kwa cha nne, na kuendelea kuzidisha mara mbili mpaka chumba cha 64. Mfalme akamcheka kwa kuomba kitu kidogo. Wahesabu wake walipomaliza kazi, kicheko kikakatika. (Hukumu ya kucheza sataranji siizungumzii hapa, wanazuoni wamehitilafiana na mahali pake si leo. Tunazungumzia ubao tu. Na wazee wetu wa pwani wana bao lao lenye kete 64, ukitaka unaweza kuzifikiria hizo.)

Kisa hiki nilikipeleka darasani kwa mpunga, maana hapa bonde la Kilombero mtoto anaijua punje ya mpunga kabla hajaijua herufi alifu. Punje elfu moja za mpunga zina uzito wa karibu gramu 25, kwa hiyo kilo moja ni punje kama 40,000. Chumba cha 11 kina punje 1,024, hazijai hata kiganja. Chumba cha 21 kina punje 1,048,576, sawa na kilo 26 hivi. Wanafunzi wakasema mfalme bado ana nafuu. Chumba cha 31 kikatoa tani kama 27, mzigo wa lori kubwa. Hapo wakaanza kuangaliana. Ukijumlisha vyumba vyote 64 unapata punje hizi:

18,446,744,073,709,551,615

Kwa uzito ule wa punje, hizo ni tani bilioni 461 hivi. Dunia nzima kwa sasa, kuanzia China na India mpaka Ifakara, huvuna mpunga wa karibu tani milioni 800 kwa mwaka. Mfalme angehitaji mavuno ya dunia nzima ya leo kwa zaidi ya miaka 500, bila mtu yeyote kupika hata sufuria moja ya wali.

Lakini ukubwa wa namba si ndio ulionishangaza zaidi. Kilichonishangaza ni njia aliyoitumia al-Biruni kuifikia. Mimi ningezidisha kwa mbili mara 63 na kukosea mahali fulani njiani. Yeye aliweka kanuni mbili. Ya kwanza: ukichukua idadi ya chumba chochote ukaizidisha yenyewe kwa yenyewe, unapata idadi ya chumba kilicho mbele yake kwa hatua zile zile ambazo chenyewe kiko mbele ya chumba cha kwanza. Chumba cha tano kina punje 16, nacho kiko hatua nne kutoka cha kwanza. Kumi na sita mara kumi na sita ni 256, na hiyo ndiyo idadi ya chumba cha tisa, hatua nne mbele. Kanuni ya pili: idadi ya chumba chochote ukiitoa moja unapata jumla ya vyumba vyote vilivyotangulia. Chumba cha tano kina 16, na vinne vya kabla yake vina 1, 2, 4 na 8, jumla 15.

Sasa angalia njia ilivyofupika. Kutoka 16 unafika 256. Mia mbili hamsini na sita mara yenyewe ni 65,536, chumba cha 17. Hiyo mara yenyewe ni 4,294,967,296, chumba cha 33. Hiyo nayo mara yenyewe inakupeleka chumba cha 65, ambacho ubaoni hakipo kabisa. Toa moja, na umepata jumla ya vyumba vyote 64. Kuzidisha mara nne tu kutoka chumba cha tano, na kazi imekwisha. Nilipoiandika ubaoni, yule binti wa mstari wa nyuma alitabasamu. Nilijua ameielewa kabla yangu.

Kisha al-Biruni alifanya jambo ambalo walimu tungefaa kuliiga. Alijua namba kubwa namna ile haiingii akilini mwa msomaji, akaivunja vipande. Akazifikiria kuwa ni dirhamu, akazitia katika mifuko ya dirhamu elfu kumi kumi, kila nyumbu akabebeshwa mifuko minane, nyumbu wakagawanywa makundi ya elfu kumi kumi, kila bonde la mto likapewa makundi elfu moja, na kila mlima ukatoa mito elfu kumi. Alipomaliza kugawa akawa anahitaji milima 2,305, na akaona kuwa ardhi haiwezi kubeba hayo. Nikiwa Kidatu, nikiinua macho kutazama milima ya Udzungwa na mto Ruaha ukishuka, naielewa hesabu hiyo kwa moyo, si kwa karatasi tu.

Wapo waliosita kuiamini namba hii. Ibn Khallikan, mwanahistoria na kadhi mkubwa wa Damascus katika karne ya 13, ameeleza kuwa yeye mwenyewe alikuwa na shaka mpaka alipokutana na mhesabu mmoja wa Alexandria aliyemuonesha hatua kwa hatua. Kadhi mkubwa anaelekezwa na karani, anakubali, na anaandika kitabuni kwamba alielekezwa. Mimi nilipolisoma hilo nilimkumbuka binti yangu wa kidato cha tatu, na aibu yangu ikapungua kidogo.

Namba hii ina ajabu nyingine iliyogunduliwa baadaye sana. Inagawanyika kwa 3, kwa 5, kwa 17, kwa 257 na kwa 65,537. Ziangalie vizuri. Kila moja ni idadi ya chumba fulani ukiongeza moja: mbili na moja, nne na moja, 16 na moja, 256 na moja, 65,536 na moja. Ni vituo vile vile al-Biruni alivyopitia akizidisha namba kwa yenyewe. Na zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa zenyewe. Kituo kinachofuata ni 4,294,967,297. Mfaransa Fermat, katika karne ya 17, alidhani kuwa hiyo nayo ni tasa kama wenzake. Mwaka 1732 Leonhard Euler akaonesha kuwa sivyo: inapatikana kwa kuzidisha 641 kwa 6,700,417. Bingwa mkubwa alitazama namba tano zinazofuata kanuni moja, akaihukumu ya sita bila kuikagua. Je, sisi tunaotoa hukumu za talaka, mirathi na madeni, ni mara ngapi tunahukumu la sita kwa kuwa matano yaliyotangulia yalifanana?

Na usidhani namba hii ni ya kale tu. Kompyuta na simu nyingi za sasa hufanya kazi kwa nafasi 64, kila nafasi ikiwa sifuri au moja. Namba nzima kubwa kuliko zote inayoingia katika nafasi hizo 64 ni hii hii ya ubao wa sataranji. Iko mfukoni mwako.

Turudi kwa al-Biruni. Mwaka 1017 Sultan Mahmud wa Ghazna aliiteka Khwarazm, na al-Biruni, akiwa na umri wa miaka 44, alichukuliwa pamoja na wasomi wengine kupelekwa Ghazna, katika Afghanistan ya leo. Mwaka uliofuata akajikuta katika kijiji karibu na Kabul, hana chombo chochote cha kupimia. Akageuza ubao wake wa kuhesabia, akachora tao nyuma yake, akaning'iniza uzi wenye uzito, akapima jua kwa huo. Sisi tunasema hatufundishi hesabu kwa sababu hatuna vifaa.

Alifika Bara Hindi. Akajifunza Kisanskriti akiwa mtu mzima, akasoma vitabu vyao pamoja na wanazuoni wao, na karibu mwaka 1030 akaandika kitabu juu ya dini, elimu na desturi za watu hao kwa uadilifu ambao watafiti wanaustaajabia hadi leo. Hakuficha kuwa vita vya Mahmud viliharibu ustawi wa nchi ile, ingawa Mahmud ndiye aliyekuwa mtawala wake. Katika kitabu hicho ameeleza kuwa mataifa mengi huishia kwenye elfu katika kuzipa namba majina, na Wahindi wamefika daraja ya 18. Ndugu msomaji, unapotaja laki unatumia neno lililotoka kwa Wahindi hao, na unapotaja elfu au sifuri unatumia la Waarabu. Kiswahili chako chenyewe kimebeba safari ya hesabu.

Akiwa katika ngome ya Nandana, ambayo leo iko Pakistan, alipima urefu wa mlima, akapanda juu yake, akapima jinsi upeo wa macho unavyoinama chini kidogo. Kwa vipimo hivyo viwili tu, bila kutembea jangwani kama walivyofanya waliomtangulia, akahesabu ukubwa wa dunia nzima, na jibu lake linakaribia sana linalojulikana leo.

Kwa nini alijisumbua hivyo? Kitabu chake cha kupima umbali wa miji kilikusudia, pamoja na mengine, kupata mwelekeo sahihi wa kibla kwa watu wa Ghazna. Kibla ni hesabu. Sisi wa Kidatu tunaelekea kaskazini na kuegemea mashariki kidogo kwa sababu kuna aliyehesabu. Aliandika pia kitabu kizima juu ya vivuli na nyakati za sala. Humo amesimulia kuwa mtu mmoja mwenye kujiona mshika dini alikataa chombo cha kujulia nyakati za sala kwa sababu kilikuwa na majina ya miezi ya Warumi. Al-Biruni akamjibu kwamba Warumi nao hula chakula, basi asiwaige katika hilo pia. Nikikumbuka nilivyokuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba hesabu ni mambo ya Wazungu, naona jibu hilo kama limeandikwa kwa anwani yangu.

Inasimuliwa kuwa alipomtunukia Sultan Mas'ud kitabu chake kikubwa cha elimu ya nyota, Al-Qanun al-Mas'udi, sultani alimpelekea mzigo wa fedha uliobebwa na tembo, naye akaurudisha hazina kwa kuwa hakuuhitaji. Alipofika miaka 65 kwa kalenda ya Hijria aliandika orodha ya kazi zake, zikazidi 100. Na hata baada ya hapo aliendelea kuandika, juu ya vito na madini, kisha juu ya dawa.

Sasa nisikilize mwisho wake. Yaqut al-Hamawi, mwandishi wa maisha ya wasomi, amelipokea tukio hili kutoka kwa mwanafikihi aitwaye al-Walwaliji. Mwanafikihi huyo alikwenda kumtazama al-Biruni akiwa katika pumzi zake za mwisho, kifua kimembana. Al-Biruni akamtambua, akamuuliza ile hesabu waliyowahi kuizungumza siku moja, ya mirathi ya mabibi wasiokuwa na fungu, kama mama wa babu mzaa mama, inakwendaje. Mgeni kwa huruma akamwambia hii si hali ya kuuliza mambo kama hayo. Mgonjwa akamjibu kwamba ni bora aiage dunia akiwa anaijua mas'ala hiyo kuliko kuiacha akiwa hajui. Basi akamfundisha, naye akayarudia na kuyahifadhi. Mwanafikihi alipotoka, akiwa bado njiani, alisikia sauti za vilio. Kauli iliyo mashuhuri ni kuwa hiyo ilikuwa mwaka 440 Hijria, sawa na 1048 Miladia.

Mirathi, ndugu yangu. Mtu aliyepima dunia, aliyezihesabu punje za ubao mpaka zikajaa milimani, jambo la mwisho alilotaka kulijua hapa duniani lilikuwa fungu la bibi kizee katika mali ya mjukuu. Na mimi, mwenye digrii, niliigawa nusu ekari ya miwa kwa kubahatisha.

Nimesimulia haya kwa sababu naona gharama yake mitaani kwetu. Kina mama wanakopa laki moja kwa masharti ya kurudisha laki mbili. Akishindwa, deni lote linaandikwa upya kwa masharti yale yale. Mtu huyo ameshaingia kwenye ubao wa sataranji. Likigeuzwa hivyo mara kumi, laki moja inakuwa milioni 102 na laki nne. Surat Aal Imran imetukataza riba inayozidishwa juu ya kuzidishwa, nasi tunaihubiri Ijumaa hadi Ijumaa, lakini ni wangapi kati yetu wamewahi kukaa na mama muuza mchele wakamuonesha kwa kalamu kuzidisha kunavyokwenda? Angeiona kwa macho yake, asingehitaji mawaidha marefu.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wenzangu wa madrasa na kwa kamati za misikiti. Tusifundishe mirathi bila sehemu, wala zaka bila asilimia, wala kibla bila pembe. Kila anayekaa mkekani kugawa mali ya marehemu aandike hesabu yake kwenye karatasi, ampe mtu wa pili aikague, hata akiwa ni mwanafunzi wake. Na ambaye hajui, aseme hajui, kisha aende akaulize kabla vilio havijasikika.

Yule binti amemaliza shule. Siku hizi ninapoitwa kwenye mirathi huwa namwomba baba yake ruhusa, naye huja na daftari lake akakaa pembeni na kina mama. Nikimaliza kugawa, watu hawaitikii amin mpaka kwanza wamemtazama yeye.

Wabillahi tawfiq.